Maswali ya wasomaji: paneli ya 5G haina pa kuchomeka mita, sasa nguvu yake inapimwaje?

Maswali ya safari hii yamelalia upande mmoja, zile paneli mpya zinazopandishwa minarani tangu mitandao ya Tanzania na Kenya ianze kuwasha 5G mwaka 2022, ambazo redio na antena vimekuwa kitu kimoja. Mafundi wanaziita AAU, kwenye makaratasi ya viwango utakuta AAS, ni jamii ileile. Nimechagua sita, na panapohitaji hesabu nitaweka hesabu.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni riga, napanda minara huku Mwanza miaka mingi. Zamani RRU, ile redio iliyotengana na antena, ilikuwa na konekta zake, unachomoa jampa unaweka pawa mita unasoma wati, ukitaka unapima na VSWR, yaani nguvu inayorudi nyuma, unajua kabisa fida (kebo ya kwenda antena) imeingia maji au haijaingia. Hizi AAU zinakuja na faiba na waya wa DC basi, konekta ya RF hakuna hata moja. Hivi waliotengeneza wanajuaje kama inatoa kile walichoandika, au tunaaminishwa tu?
Riga, Mwanza

JIBU: Fundi wangu, hilo ulilouliza ndilo lililowaweka watu wa viwango vikaoni kwa miaka, na jibu fupi ni kwamba hapana, huaminishwi tu, kuna kipimo ila kimehama kutoka kwenye waya kwenda hewani.

Kwenye mtambo wa zamani kulikuwa na mpaka unaoonekana kwa macho, redio huku, antena kule, konekta katikati. Redio inapimwa kwenye konekta, inatoa wati ngapi, inachafua kiasi gani nje ya masafa yake, inasikia ishara ndogo kiasi gani. Antena nayo inapimwa kivyake kiwandani. Halafu unapiga hesabu, wati za redio toa upotevu wa fida ongeza geini ya antena, yaani jinsi inavyokusanya nguvu upande mmoja, umemaliza, na hesabu hiyo ilikuwa salama kwa sababu antena yenyewe ilikuwa imetulia tu pale, leo na mwakani inatoa umbo lilelile.

Ndani ya AAU mpaka huo haupo tena. Paneli ya kawaida ya 3.5 GHz ina transmita 64, kila moja na amplifaya yake na filta yake, mbele yake kuna vipande vya antena kama 192 hivi, na bimu, ule mkondo mwembamba wa mawimbi unaoelekea upande mmoja, inapatikana kwa transmita zote kutoa ishara kwa pamoja huku fezi zao (wakati wa mawimbi yao kupanda na kushuka) zikipishanishwa kwa mpangilio fulani, ukibadilisha mpangilio bimu inageukia kwingine, na inabadilika mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Sasa hata ungepewa konekta zote 64 ukapima moja baada ya nyingine zikasoma wati sawasawa bado hujaijua bimu, maana transmita yenye wati sahihi lakini fezi mbovu itasoma vizuri kabisa kwenye mita yako, halafu hewani inavuruga wenzake. Ndiyo maana ya kupima hewani, hakuna sehemu nyingine ambapo jumla ya kazi ya hizo transmita inaonekana.

Kazi hii ilifanyika 3GPP, ule muungano wa mashirika ya viwango ulioanza 1998 na ndio unaoandika viwango vya 3G, 4G na 5G, kwenye kikundi chake kinachoitwa RAN4. Walianza na utafiti, ripoti yake ni TR 37.840, kisha kiwango chenyewe TS 37.105 kikatoka na Toleo la 13 lililofungwa 2016. Toleo lile lilikuwa nusu kwa nusu, mambo mengi bado yanapimwa kwenye konekta za ndani, nyuma ya vipande vya antena, na mawili tu ndiyo ya hewani, yaani nguvu ya bimu na uwezo wa kusikia. Mimi naona walifanya busara kwenda taratibu, kwa sababu ukiandika sharti ambalo maabara mbili haziwezi kulipima zikapata jibu moja umeandika karatasi tu. Toleo la 15 ndilo likaja na masharti yote kwa hewani.

Kwa 5G angalia TS 38.104. Humo mitambo imegawanywa makundi manne: 1-C ambayo ni ya konekta kama RRU zako za zamani, 1-H ambayo ni mchanganyiko, 1-O ambayo yote hewani, na 2-O ambayo pia yote hewani lakini kwa masafa ya juu kuanzia 24.25 GHz. Namba 1 ni kwa masafa ya 410 MHz hadi 7125 MHz. Kwa hiyo hiyo AAU unayoipandisha inaweza kuwa 1-H, konekta zipo ila zimefichwa ndani zinafikiwa kiwandani wakati wa kupima, au ni 1-O isiyo nazo kabisa. Na usishangae kwamba masafa ya juu hayana mchanganyiko, kwenye 28 GHz nusu ya wimbi ni milimita 5 na kitu, vipande vya antena vimebanana kiasi kwamba konekta moja tu ingechukua nafasi ya majirani zake.

SWALI: Mhariri shikamoo. Nasoma uhandisi wa mawasiliano hapa Dodoma mwaka wa tatu. Nimeona datashiti ya paneli moja imeandikwa nguvu wati 200, chini yake imeandikwa EIRP 78 dBm. Nikageuza 78 dBm nikapata wati elfu sitini na tatu!! Nimerudia hesabu na bado. Hizo wati nyingine zinatoka wapi wakati umeme unaoingia hata haufiki huko, na ni ipi kati ya hizo mbili ndiyo inapimwa kwenye viwango?
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hesabu yako iko sawa kabisa. Wati 200 ni 53 dBm (desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja), paneli ya namna hiyo ina geini ya kama 25 dB, 53 na 25 ni 78, na 78 dBm kweli ni kama wati 63,000. Hakuna wati iliyoongezeka. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, ukiuachia mdomo wazi maji yanaanguka hapo miguuni, ukiuminya kwa kidole yanaruka mpaka ukuta wa jirani, na bomba limetoa maji yaleyale. EIRP inakuambia yule aliye mbele ya bimu anapata ishara sawa na ambayo angeipata kutoka kwa antena ya kufikirika inayomwaga pande zote sawasawa, kama ingelishwa wati 63,000. Wati 200 ndiyo nguvu halisi, na ukizunguka paneli pande zote, juu, chini, mbele, nyuma, ukajumlisha kila kinachotoka unapata kile kinachoitwa TRP, ambacho kitakaribia hizo 200.

Zote mbili zinapimwa, lakini kwa kazi tofauti, na hapa ndipo wengi wanachanganya. Nguvu unayoitaka, ya kumfikia mteja, inadaiwa kwa EIRP kwa sababu mteja anajali kinachomfikia yeye. Usikivu nao unadaiwa kwa mwelekeo, kinaitwa EIS, yaani ishara ndogo kiasi gani ikija kutoka upande fulani mtambo bado unaipokea angalau asilimia 95 ya data inayotakiwa kupita kwenye jaribio hilo. Ila uchafu, zile ishara zinazovuja nje ya masafa ya mtambo na kwenda kuwasumbua wengine, huo wamekubaliana upimwe kwa TRP.

Kwa nini TRP? Kwanza bimu inazunguka, leo imeelekea kwa jirani kesho kwingine, na anayeumia na uchafu yuko mahali popote. Pili, mbali na masafa ya paneli umbo la bimu halishiki tena, fezi zilizopangwa kwa 3.5 GHz hazina maana kwenye harmoniki zake (masafa ya mara mbili, mara tatu na kuendelea), kwa hiyo uchafu unaweza kutokea upande ambao hukuutarajia kabisa. Ukiupima upande mmoja tu umejidanganya, bora ujumlishe wote.

Halafu kuna hadithi ya desibeli 9 ambayo mimi naipenda kwa sababu inaonyesha viwango vinavyotengenezwa na watu wanaobishana, havidondoki kutoka mbinguni. Kikomo cha uchafu cha zamani kilikuwa cha kila konekta. Sasa paneli ina transmita 64, ukimpa kila transmita kikomo kizima basi mtambo mmoja umeruhusiwa uchafu mara 64, ambayo ni desibeli 18 zaidi, majirani wa masafa hawatakubali. Ukisema paneli nzima ipewe kikomo cha konekta moja, watengenezaji watakuambia filta hizo zitakuwa nzito na ghali na paneli haitapandishika. Walichofikia ni kuhesabu mwisho transmita 8 kwa seli, hata kama unazo 64, kwa hoja kwamba mtambo wa zamani ungeweza kuwa na matawi manane na ungekuwa halali. Mara 8 ni desibeli 9, kwa hiyo kwenye 1-O kikomo cha TRP ni kile cha msingi na 9 juu yake. Ukiona hiyo 9 kwenye majedwali ujue imetoka huko.

Na kwa minara yetu ambayo mmoja unabeba mitandao miwili mitatu, usiruke sharti la ujirani. Zamani wakidhani antena mbili zikikaa pamoja zinapunguziana desibeli 30 hesabu zote ziliegemea hapo. Kwa 1-O wanaweka antena nyingine ya majaribio pembeni kabisa ya paneli, sentimita 10 tu, na wanapima kile kinachoingia kwenye hiyo antena ya jirani. Hii naiona ni kazi safi, imeiga kabisa maisha ya mnara wa kukodisha.

SWALI: Asalaam aleikum ndugu mhariri. Niko Mombasa, nafanya kazi ya ununuzi kwa kampuni ya mawasiliano. Tumeletewa ofa mbili za paneli, zote zimeandikwa zimepita vipimo vya 3GPP, bei zina tofauti kubwa. Mimi si mhandisi sana lakini naulizwa mimi. Kama zote zimepita si ni sawa tu tuchukue ya bei rahisi? Na ni karatasi gani niitishe?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Tafadhali msichukue kwa hoja hiyo, na nitakueleza kwa urefu maana hapa ndipo pesa zinapotea.

Kupita kipimo maana yake mtambo unafanya kile ambacho mtengenezaji mwenyewe alitamka kwamba unafanya. Hakuna mahali 3GPP imesema paneli ya eneo pana lazima ifikishe EIRP kadhaa. Kwa mitambo ya eneo pana hakuna hata kikomo cha juu cha nguvu, vikomo vipo kwa midogo, TRP 47 dBm kwa ya wastani na 33 dBm kwa ya ndani, kwenye kundi la 1-O. Kwa hiyo mtengenezaji aliyetamka kidogo akatoa kidogo amepita, na aliyetamka kikubwa akatoa kikubwa naye amepita, na stempu zao zinafanana. Kinachotofautisha ni tamko. Hilo tamko ndilo la kuitisha, lote, sio ukurasa mmoja wa mauzo.

Ndani ya tamko kila bimu ina EIRP yake, na sharti linasema ikipimwa iwe ndani ya desibeli 2.2 juu au chini ya kilichotamkwa kwa 1-H na 1-O, na 3.4 kwa 2-O ya masafa ya juu. Hizo ni hali za kawaida, kwenye joto na baridi kali 1-O inaruhusiwa 2.7. Usione 2.2 ni ndogo. Desibeli 2.2 chini ni asilimia 60 ya nguvu iliyotamkwa, 2.2 juu ni asilimia 166. Maana yake paneli mbili za modeli moja, moja iko chini kabisa nyingine juu kabisa, zinapishana karibu mara 2.75 na zote ni halali. Mimi maoni yangu, na nayasema wazi, kampuni inayonunua paneli nyingi isikubali 2.2 kama mwisho wa mazungumzo, mkataba unaweza kudai kosa dogo zaidi na wastani wa shehena nzima usiwe chini ya tamko. Kiwango ni sakafu, hakikuzuii kudai zaidi.

Halafu angalia pembeni. Kipimo hakipigwi kila upande, kinapigwa kwenye mwelekeo wa rejea na ile minne ya mwisho ambako bimu inaweza kupelekwa, kushoto kabisa, kulia kabisa, juu na chini. Paneli zote zinang'ara katikati. Ukiipeleka bimu pembeni geini inashuka, hiyo ni fizikia haina mchawi, swali ni inashuka kiasi gani na mtengenezaji ametamka pembe kubwa kiasi gani. Paneli ya bei rahisi inaweza kuwa ina tamko la pembe finyu, na wewe una sekta ya digrii 120 ya kuhudumia, wale wa pembeni watalalamika wewe ukisema lakini paneli imepita. Kwenye juu na chini ni hivyohivyo, mji una maghorofa mengi unataka bimu inayopanda, vijijini hata hutaihitaji na unaweza kuokoa hela hapo kihalali kabisa.

Kingine waulize EIRP waliyoandika ni ya bimu ipi. Kuna bimu za kutangaza mtandao, ambazo simu inazisikia kwanza ndipo ijiunge, kwenye masafa ya 3 hadi 6 GHz zinaweza kufika 8, na kuna bimu za kumpelekea mteja data, nyembamba na kali zaidi. Datashiti ya mauzo inapenda kuandika ile kali. Lakini simu isiposikia ya kutangaza haijiungi kabisa, hizo kali zitamsaidia nani? Itisha zote mbili.

Itisha na EIS. Watu wananunua paneli kwa nguvu ya kutoa na kusahau masikio, wakati kwenye mtandao wa simu mara nyingi anayeshindwa kwanza ni simu ya mteja kuufikia mnara, simu ina nguvu ndogo, sio mnara kumfikia yeye.

Kwa namna ya kuandika hizo karatasi zifanane baina ya watengenezaji, NGMN, umoja wa kampuni za mitandao, umetoa mapendekezo yake ya viwango vya antena za minara na umeingiza humo na antena za namna hii, waambie waliowapa ofa wajaze kwa mfumo huo, utaweza kuweka karatasi mbili mezani ukalinganisha mstari kwa mstari hata kama wewe si mhandisi.

SWALI: Mwanangu mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Morogoro. Karibu na nyumba yangu wameongeza mitambo mipya juu ya mnara. Vijana wananiambia hiyo ya 5G inatoa wati elfu sitini. Naomba kujua kama kuna mtu anapima hayo kwa ajili yetu sisi tunaoishi chini yake.
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Shikamoo mwalimu. Nimefurahi umeuliza badala ya kukaa na hofu. Hizo wati elfu sitini nimeeleza juu kwa mwanafunzi wa Dodoma, si nguvu inayotoka, ni ukali wa bimu ukisimama mbele yake, nguvu halisi ni kama wati 200.

Tufanye hesabu hata hivyo kwa ile namba ya kutisha. Mwongozo wa kimataifa wa ICNIRP wa mwaka 2020 unaweka kikomo cha watu wa kawaida kwenye masafa haya kuwa wati 10 kwa mita mraba, wastani wa dakika 30 mwili mzima. Kama paneli ingemwaga EIRP ya wati 63,000 upande mmoja bila kupumzika, kikomo hicho kingefikiwa umbali wa kama mita 22 mbele yake, kwenye kimo cha paneli, ndani ya bimu. Kiuhalisia haiwezi, kwa sababu mtambo unapokezana kutoa na kupokea, unatoa kama robo tatu ya muda, na bimu inagawiwa kwa watu waliotawanyika. Kiwango cha IEC 62232 kinaruhusu kuhesabu kwa nguvu halisi ya juu kwa wastani, na ukichukua mfano kwamba wastani wa upande mmoja ni robo ya kilele, juu ya ile robo tatu ya muda, umbali unashuka hadi kama mita 10. Paneli iko juu mnarani na nyumba yako iko chini na pembeni, mwalimu, uko mbali na huko.

Wenye kuhitaji uangalifu mkubwa ni mafundi na wale wa paneli zilizofungwa juu ya paa za maghorofa ambapo mtu anaweza kutoka na kusimama mbele yake, hapo lazima pawe na uzio na alama. Kwa Tanzania chombo kinachosimamia mionzi ni TAEC, Tume ya Nguvu za Atomu, na kupima mionzi ya minara ya simu ni sehemu ya kazi yake, una haki ya kupeleka ombi mtaa wenu upimwe na mkaonyeshwa matokeo. Wewe ni mwalimu, watakueleza na wewe utawaeleza wengine, naomba sana ufanye hivyo.

SWALI: Niaje mhariri. Hivyo vipimo vya hewani vinafanywa wapi hasa? Nasikia ni chumba fulani. Mbona tusijenge chetu hapa Nairobi badala ya kutegemea ripoti za nje kila mtambo ukija?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Poa sana ndugu. Ni chumba kisicho na mwangwi wa redio, kuta zote zimefunikwa mapembe meusi ya sponji yanayomeza mawimbi, paneli inakaa juu ya meza inayozunguka na upande wa pili kuna antena ya kupimia. Ugumu ni umbali. Ili bimu iwe imekomaa unatakiwa uwe mbali kiasi cha mara mbili ya urefu wa antena ukizidishwa kwa wenyewe, gawanya kwa urefu wa wimbi. Paneli ya mita moja kwenye 3.5 GHz, ambayo wimbi lake ni sentimita 8.6, inadai zaidi ya mita 23. Chumba cha mita 23 chenye kuta za kumeza mawimbi ni jengo zima na gharama yake unaweza kuifikiria.

Kwa hiyo kuna njia za mkato zinazokubalika. Moja inatumia kioo kikubwa kilichopinda kinachonyoosha mawimbi, umbali unafupika sana. Nyingine inapima karibu kabisa na paneli, pointi nyingi nyingi, halafu kompyuta inakokotoa ingekuwaje kwa mbali. Kwa TRP kuna hata chumba cha kinyume chake, cha kuta za chuma zinazoakisi kila kitu, mawimbi yanachanganywa mpaka unachosoma ni jumla, hicho hakikuambii mwelekeo ila kwa jumla ni cha haraka. TS 38.141-2 inazijua njia hizi na kwa kila moja kosa la kipimo limepigiwa hesabu, ili maabara ya huku na ya kule zisipingane bila sababu.

Kazi yenyewe ni ndefu. Kuzunguka tufe zima kwa hatua ya digrii 5 ni zaidi ya pointi 2,500, na uchafu unatafutwa masafa baada ya masafa, kwa bendi nyingine mpaka harmoniki ya tano, ungepima kila pointi kwa kila masafa ungekaa humo mwaka, ndiyo maana viwango vinaruhusu kupita kwanza haraka kutafuta palipo na kitu, kisha unapima kwa makini hapo tu.

Kuhusu Nairobi nakuunga mkono, lakini tusianze na chumba cha mita 23. Wasimamizi wa mawasiliano, CA kwa Kenya na TCRA kwa Tanzania, wana kazi ya kuidhinisha vifaa, na ripoti ya maabara inayotambulika ni msingi mzuri, kurudia kila kipimo hapa ni kupoteza fedha. Ninachotamani ni chuo kikuu kimoja kiwe na mfumo wa kupima kwa karibu, wanafunzi wajifunze kusoma ripoti hizo kwa jicho la mtu aliyewahi kupima mwenyewe, na siku mtandao ukitilia shaka shehena fulani pawe na pa kuchukua paneli mbili tatu za kubahatisha zikapimwa. Hicho kinawezekana hata Afrika Mashariki nzima ikichangia kimoja.

SWALI: Mhariri, mimi ni mhandisi wa ubora wa mtandao Dar. Vipimo vyote unavyosema ni vya kiwandani na maabara. Paneli ikikaa juu miaka mitano na joto na chumvi ya bahari hii, nitajuaje bado inatoa kilichotamkwa?
Mhandisi, Dar es Salaam

JIBU: Kaka hapo umegusa pengo lenyewe. TS 38.141 ni ya kuthibitisha aina ya mtambo, haikuandikwa kwa ajili ya kupokea saiti wala kuifuatilia ikizeeka. Paneli inajikagua yenyewe ndani, inarekebisha fezi zake na kutoa alamu transmita ikifa, ila usikae ukisubiri mteja ndiye akuonyeshe tatizo, na hesabu hii itakuonyesha kwa nini. Transmita moja ikifa kati ya 64 EIRP inashuka desibeli 0.14 tu, hakuna mtu ataiona. Zikifa nane, zikigawanyika sawasawa kwenye polarizesheni zote mbili (mielekeo miwili ya mtikisiko wa mawimbi), unapoteza kama 1.2, bado uko ndani ya 2.2 kwa paneli iliyoanza pale pale kwenye tamko. Zikifa kumi na sita, robo ya paneli nzima, umepoteza 2.5, na desibeli 2.5 kwenye simu ya mtu anayetembea Kariakoo inamezwa na kuta na magari. Hapo nimehesabu bimu ya mbele peke yake, pembeni umbo linaharibika vibaya zaidi na masikio ya mnara yanapungua vilevile.

Kwa hiyo siku ya kuwasha saiti chukua rekodi. Chagua sehemu chache zinazouona mnara wazi bila kizuizi, paa la jengo, daraja, zikiwa pembe tofauti za sekta, moja katikati na nyingine huku na huku pembeni, weka kifaa kilekile kwa kimo kilekile, andika RSRP (nguvu ya ishara inayopokelewa) ya kila bimu ya kutangaza moja moja sio ile kubwa tu, na nguvu iliyowekwa kwenye programu siku hiyo, azimathi na tiliti, yaani upande paneli inakoelekea na jinsi ilivyoinama. Rudia kila mwaka na kila baada ya kubadilisha toleo la programu. Usilinganishe na datashiti, linganisha na rekodi ya saiti hiyohiyo. Bimu za upande mmoja zikishuka na za upande mwingine zimebaki, angalia kwanza kama paneli haijasogezwa na upepo au fundi, ndipo uingie kwenye orodha ya transmita.